Faida ya Mwaka na Mizani Yake

Kila sifa njema ni ya Allah (s.w.), Mwenye kuruzuku viumbe wake wote, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), ambaye kabla ya kupewa utume alisafiri na mali ya Bibi Khadija (r.a.) hadi Sham, akauza na kununua, kisha akarejea na kutoa hesabu ya amana aliyokabidhiwa. Amma baad.

Ndugu zetu katika Imani, toleo hili tumelielekeza kwenye jambo ambalo kwa muda sasa limekuwa likizungumzwa kwenye baraza za misikiti yetu, kuanzia Kabanga na Rulenge hadi Nyakanazi na Biharamulo mjini: fedha iwekwe wapi, na ipi inalipa zaidi kwa mwaka. Mmoja husema ng'ombe wake wamempa asilimia arobaini. Wa pili husema kikoba chao kimegawana asilimia ishirini na tano. Wa tatu, aghalabu mtumishi wa umma, husema hati fungani za Serikali zinampa asilimia kumi na mbili na anaupata usingizi. Wa nne ana kiwanja, na kila akiulizwa bei yake imepanda. Wote wanne hutumia neno moja, faida, na wote wanne wanapima vitu tofauti kwa mizani tofauti. Msikilizaji akiamini kwamba wanapima kitu kimoja, basi atakwenda kwa mwenye namba kubwa, na hapo ndipo penye hatari.

Jambo hili lina uzito wa pekee kwetu wakati huu. Wilayani Ngara, tangu Serikali ilipotia saini mkataba wa Januari 2021 kuhusu nikeli ya Kabanga, mkataba ulioipa Serikali asilimia 16 ya hisa katika kampuni ya Tembo Nickel, zimo kaya zilizopisha mradi na kulipwa fidia ya ardhi na mazao yao. Huko Rusumo nako, ujenzi wa mtambo wa umeme wa megawati 80 unaotumiwa kwa pamoja na Tanzania, Rwanda na Burundi uligusa mashamba ya watu. Biharamulo wanajua habari ya dhahabu tangu mgodi wa Tulawaka ulipoanza uzalishaji mwaka 2005, na hata baada ya mwekezaji wa kigeni kuondoka mwaka 2013 wachimbaji wadogo hawakuondoka. Wapo pia walimu na wauguzi wanaostaafu na kupokea kiinua mgongo. Fedha za namna hii zina sifa moja: huja mara moja tu. Mwenye shamba la migomba alikuwa na kitu kilichomlisha kila wiki, naye amekibadilisha kwa karatasi za benki. Akikosea mahali pa kuziweka, hana shamba la kurudia.

Tuanze na kipimo chenyewe. Sisi tuliosoma fiq-hi ya zaka hatuna haja ya kwenda mbali kukitafuta, kwa sababu Sheria imekwisha kutufundisha. Mfanyabiashara hutimiza haul, yaani mwaka kamili wa Kiislamu, kisha siku ileile ya kila mwaka huhesabu fedha alizo nazo, huthamini bidhaa zake kwa bei ya soko ya siku hiyo (si kwa bei aliyonunulia, wala bei anayoitamani), na huingiza madeni anayotaraji kulipwa. Juu ya kutoa au kutotoa madeni anayodaiwa yeye, wanazuoni wana maneno. Mtu aliyefanya hivyo kwa uaminifu miaka miwili mfululizo ana hesabu mbili za siku moja, na tofauti baina yake, baada ya kuondoa alichoongeza na kurudisha alichokula, ndiyo faida yake ya mwaka. Anayetoa zaka yake kwa makisio tu hukosa mambo mawili kwa pamoja: hajui kama ametimiza haki ya maskini, na hajui kama amepata au amepungukiwa. Ifahamike pia kwamba mwaka wa mwezi una siku 354 au 355, na ule wa jua una 365. Ndiyo maana wenye kufunga hesabu zao kwa mwaka wa miladi hutakiwa kutoa asilimia 2.577 badala ya 2.5. Ni siku kumi na moja tu, lakini mizani ni mizani.

Sasa turejee kwa ndugu yetu mwenye ng'ombe. Tuchukue mfano kwamba alinunua madume matano kwa shilingi 600,000 kila mmoja, jumla 3,000,000, akawalisha mwaka mzima, akawauza mnadani kwa 4,200,000. Anasema amepata 1,200,000, nayo ni asilimia 40. Je, mchungaji hakulipwa? Kwa shilingi 30,000 kila mwezi ni 360,000. Dawa, chanjo na kuogesha, tuseme 90,000. Ushuru wa mnada na gari la kuwasafirisha, 150,000. Jumla 600,000, nayo ni nusu ya kile alichokiita faida. Kilichobaki ni asilimia 20. Na kama mchungaji alikuwa kijana wake mwenyewe asiyelipwa, basi ile 360,000 ni ujira wa kijana aliyekosa kufanya kazi nyingine, au aliyekosa darasa. Si faida ya mtaji. Kisha tukadirie kwamba ndigana imemchukua dume mmoja katika hao watano, jambo ambalo kwa wafugaji wetu si geni. Wanne waliobaki, kwa bei ileile ya 840,000, wataleta 3,360,000. Ukitoa gharama 600,000, mkononi zinabaki 2,760,000: hasara ya asilimia 8. Ng'ombe mmoja tu ametenganisha asilimia 20 ya faida na asilimia 8 ya hasara. Hatusemi watu wasifuge. Tunasema kwamba atakayeilinganisha "asilimia 40" hii na asilimia kumi na mbili ya mwenzake atakuwa amelinganisha ndizi mbichi za kwenye mkungu na ndizi zilizokwisha kumenywa na kupikwa.

Kosa la pili ni jepesi zaidi kufanyika, na tumeliona hata kwa watu waliosoma. Mtu huanza mwaka na shilingi 1,000,000 katika mfuko wa uwekezaji au akaunti ya benki, na kila mwisho wa mwezi huongeza 100,000 kutoka kwenye mshahara. Mwisho wa mwaka anakuta 2,300,000. Anafurahi kwamba mali imeongezeka kwa zaidi ya mara mbili. Lakini katika hizo, 2,200,000 ni zake mwenyewe. Faida ni 100,000 tu. Tena asiigawe kwa 1,000,000, wala kwa 2,200,000, kwa sababu ile nyongeza ya mwisho haikufanya kazi hata siku moja. Akizipima fedha zake kwa muda ambao kila sehemu ilikaa kazini, ataona kwamba kwa wastani alikuwa na 1,550,000 kwa mwaka mzima, na faida yake ni kama asilimia 6 na nusu. Kuongeza akiba ni jambo jema sana, ila kusiitwe faida.

Hesabu hiyohiyo, ikigeuzwa, inatufikisha kwenye suala la vikoba, na hapa tunaomba wasomaji wetu, hasa akina mama, watuvumilie. Mwanachama anayeweka hisa za shilingi 10,000 kila wiki huwa ameweka 520,000 kwa mwaka. Siku ya mgawo anapokea 650,000. Anasema amepata asilimia 25. Lakini fedha zake ziliingia kidogo kidogo, kwa hiyo kwa wastani alikuwa na takriban 260,000 tu kazini. Faida ya 130,000 juu ya 260,000 ni asilimia 50 kwa mwaka. Yaani yeye mwenyewe amepata zaidi ya anavyodhani! Ni biashara gani katika Ngara au Biharamulo inayotoa asilimia 50 kwa mwaka bila ya mtu kuamka alfajiri, bila ya ng'ombe kufa, bila ya mvua kukatika? Hakuna biashara hapo. Fedha hiyo imetoka kwa wanachama wenzake waliokopa kwa asilimia 10 kila mwezi: yule aliyeuguliwa na mtoto, yule aliyekuwa hana ada ya shule, yule ambaye mumewe yuko machimboni na hajaleta kitu tangu Rajabu. Aliyekopa 100,000 kwa miezi mitatu amerudisha 130,000, na siku ya mgawo anarudishiwa vipande vya fedha yake mwenyewe huku kubwa likienda kwa wenye hisa nyingi, ambao ndio wasiokuwa na shida ya kukopa. Hii ndiyo riba iliyokatazwa katika Suratul-Baqara, na haibadiliki kwa kuitwa "ziada ya kikundi" wala kwa kuwa wote wameridhia. Namba kubwa ya faida mara nyingine ni kipimo cha shida ya jirani.

Ubaya wa kukataza bila ya kuelekeza tunaujua. Kikundi hichohicho chaweza kuwa na mifuko miwili. Wa kwanza mdogo, wa qardh hasan, unaomkopesha mwenye dharura na kurudishiwa kile kile. Wa pili wa mudharaba, ambao ndio wa kutafutia faida. Tutoe mfano wa zao tunalolijua. Watu ishirini wanatoa 500,000 kila mmoja, jumla 10,000,000. Wanamkabidhi mwenzao mwaminifu anayeijua biashara ya maharage, kwa makubaliano kwamba faida asilimia 40 ni yake na asilimia 60 ni yao. Ananunua kwa wakulima wa Ngara wakati wa mavuno, anasafirisha Kahama na Mwanza, na baada ya miezi minane, gharama zote zikitolewa, kuna faida ya 2,400,000. Yeye anachukua 960,000, wenye mtaji wanagawana 1,440,000, nayo ni asilimia 14.4 ya mtaji wao. Ikiwa kumetokea hasara bila ya uzembe wake, hasara ya mtaji ni ya wenye mtaji, naye amepoteza jasho lake. Asiahidi kiwango maalumu cha fedha. Akiahidi, mudharaba imeharibika. Na mtunza hesabu asije akasema kwamba kwa kuwa miezi minane imeleta asilimia 14.4, basi kwa mwaka ni asilimia 21.6. Hilo ni kweli ikiwa miezi minne iliyobaki fedha ilirudi kazini na kuleta mfano wake. Ikiwa ililala kwenye sanduku ikisubiri msimu, faida ya mwaka ni ile ile 14.4. Mwaka una miezi kumi na miwili kwa fedha iliyolala pia. (Kununua wakati wa mavuno ili kuhamishia mji wenye uhitaji ni biashara, kuficha chakula ili njaa ipandishe bei ni ihtikari, na Mtume (s.a.w.) aliikemea. Wenye maghala wanaijua tofauti.)

Kosa la tatu ni la wastani. Katika machimbo ya Biharamulo wapo wanaoingiza mitaji kwenye maduara kwa sehemu. Tuseme mtu ana 1,000,000. Mwaka wa kwanza mwamba ukakubali, akapata asilimia 50, akawa na 1,500,000. Mwaka wa pili akaiacha yote humo, akapoteza asilimia 40. Atakuambia: hamsini ukitoa arobaini ni kumi, gawa kwa miaka miwili, wastani wangu ni faida ya asilimia 5. Mhesabie mkononi. Asilimia 40 ya 1,500,000 ni 600,000. Amebakiwa na 900,000. Ana wastani wa faida, na mfukoni ana hasara ya laki moja! Hasara hukatwa kutoka kwenye fungu kubwa, na faida inayofuata hujengwa juu ya fungu dogo. Aliyepoteza nusu ya mtaji wake hahitaji asilimia 50 ili arudi alipokuwa, anahitaji asilimia 100. Kwa ajili hiyo mwenye fidia ya mara moja asishawishike na mwaka mmoja mzuri wa mtu mwingine.

Watu wazima wa Ngara wana ushahidi wao juu ya hili. Mwishoni mwa Aprili 1994 wakimbizi wapatao 250,000 kutoka Rwanda walivuka daraja la Rusumo kwa muda wa siku moja hivi, na Benaco ikageuka mji. Biashara ya chakula, nguo, usafiri na nyumba za kupanga ilikuwa na faida ambayo wilaya hii haikuwahi kuiona. Mwenye kupima kwa mwaka 1995 peke yake angejenga maduka kumi. Desemba 1996 wakimbizi wakarejeshwa kwao, na soko likaondoka pamoja nao. Leo kahawa iko katika hali inayotaka busara hiyohiyo. Kilo ya maganda ambayo katika msimu wa 2020 wakulima wa Kagera waliiuza chini ya shilingi 1,500 ilivuka 4,000 katika minada ya mwaka 2024. Alhamdulillah, ni neema. Lakini anayenunua shamba la mibuni kwa bei iliyokisiwa juu ya msimu bora kuliko yote amenunua msimu, hajanunua shamba. Na migomba je? Mnyauko ulioonekana mkoani kwetu mwaka 2006 ulifyeka mashamba ambayo mababu waliyahesabu kuwa akiba isiyopungua. Faida ya mali ipimwe kwa miaka mingi, ukiwemo mwaka mbaya.

Tupite haraka kwenye hisa za Soko la Hisa la Dar es Salaam, lililoanza biashara mwaka 1998, kwa kuwa wachache wetu wanazo, ingawa wanaongezeka kwa njia ya simu. Hisa za kiwanda cha saruji cha Twiga ziliuzwa kwa umma mwaka 2006 kwa shilingi 435. Mwaka 2023 zilikuwa zikiuzwa kwa takriban 4,000. Ongezeko hilo ni la zaidi ya asilimia 800 kwa miaka 17, na wengi hugawa wakapata asilimia 48 kwa mwaka. Siyo. Mali inayokua juu ya mali iliyokua huhitaji kiasi cha asilimia 14 tu kwa mwaka ili ifike hapo, mbali ya gawio. Wenzetu wa biashara wana njia ya mkato: gawa 72 kwa asilimia ya faida ya mwaka, utapata miaka inayohitajika mtaji kuwa maradufu. Kwa asilimia 12 ni miaka sita; kwa asilimia 6 ni miaka kumi na miwili. Anayekuambia utaongeza mtaji maradufu kwa mwaka mmoja anakuambia habari ya asilimia 100, naye aulizwe inatoka wapi. Na wala hisa hazipandi kwa amri. Zile za Vodacom Tanzania zilizouzwa kwa 850 mwaka 2017 zilikuwa chini ya bei hiyo miaka kadhaa baadaye. Ama hisa za kampuni za bia na sigara, ambazo husifiwa kwa gawio zuri, hizo hazimo katika mizani yetu hata zikilipa mara kumi. Majmaa ya Fiq-hi iliyokutana Jeddah mwaka 1992 ilibainisha kwamba kushiriki katika kampuni kunahukumiwa kwa shughuli yake, na kwamba asili ni kujiepusha hata na ile yenye shughuli halali inayoamiliana kwa riba.

Hapo ndipo inapokuja habari ya wale waliotuumiza. Mwaka 2009 Benki Kuu na vyombo vya dola waliisimamisha DECI, iliyowaambia watu "wapande mbegu" ili wavune maradufu na zaidi. Waislamu na Wakristo walipanda pamoja na wakalia pamoja. Mwaka 2020 mmiliki wa kampuni ya ufugaji iliyojulikana kama Mr Kuku alifikishwa katika mahakama ya Kisutu kwa kuendesha biashara ya upatu, baada ya watu kuahidiwa asilimia 70 ya mtaji kwa miezi minne, au 90 kwa miezi sita. Tuiweke ahadi hiyo kwenye mizani ya mwaka. Anayepata asilimia 70 kila miezi minne na kuirudisha yote, shilingi 1,000,000 yake itakuwa 4,913,000 kwa mwaka mmoja, na kwa miaka mitatu itavuka 118,000,000. Kuku gani hao? Aidha asilimia 90 kwa miezi sita, iliyoonekana kuwa ni ofa kubwa zaidi, ilimpa mtu 3,610,000 kwa mwaka, chini ya ile ya kwanza. Mtu aliyekaa na kalamu kwa robo saa angeona mambo mawili: kwamba ahadi haiwezekani, na kwamba hata aliyeitunga hakuipigia hesabu, kwa kuwa hakukusudia kuilipa. Mawakala wa mambo haya bado wanazunguka, na huvipenda vijiji ambavyo vimelipwa fidia hivi karibuni.

Tumebakiza swali gumu, na tungependa kulisema wazi kuliko kulikwepa. Hati fungani za Serikali za miaka 25 zilipoanza kutolewa mwaka 2021 zililipa asilimia 15.95 kwa mwaka. Mwaka 2022 hati mpya zikashushwa hadi 12.56. Kiwango kinajulikana tangu siku ya kwanza, malipo huja mara mbili kwa mwaka, na anayeanza anahitaji 1,000,000 tu. Mifuko ya UTT, iliyoanza na Mfuko wa Umoja mwaka 2005, nayo imewasaidia wengi kujifunza kuweka akiba, lakini sehemu kubwa ya mali zake ni hati fungani na amana za benki. Majmaa iliamua mwaka 1990 kwamba hati zenye kuahidi ziada juu ya mkopo ni riba, awe mkopaji ni mtu au dola, na sisi tuko na uamuzi huo.

Baadhi ya wahadhiri huwaambia watu kwamba halali siku zote inalipa zaidi. Baraka ni kweli, nasi tunaiamini. Lakini kwa hesabu ya mwaka mmoja si lazima iwe hivyo, na mtu akiahidiwa hivyo kisha asione, atadhani amedanganywa na dini. Mwenye 10,000,000 kwenye hati ya asilimia 12.56 hupokea 1,256,000. Mwenzake aliyeingia mudharaba iliyoleta asilimia 8 hupokea 800,000. Tofauti ya 456,000 ndiyo gharama ya kujizuia katika mwaka huo, na ni vyema mtu aijue kwa namba, aitoe kwa hiari na kwa nia, kuliko kuitoa bila ya kujua. Mwaka mwingine mizani huinamia upande wa pili. Na milango ya halali imeongezeka kuliko miaka ishirini iliyopita: Amana Bank ilifungua milango mwaka 2011 ikiwa benki ya kwanza nchini inayoendeshwa yote kwa misingi ya Sheria, CRDB ikaanzisha huduma ya Al Barakah mwaka 2021, na Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar ikatoa sukuku yake mwaka 2025. Anayeingia humo aulize namna tatu: mali inafanya kazi gani, faida hugawanywa kwa uwiano upi, na miaka mitatu iliyopita uligawanywa kiasi gani hasa baada ya makato. Jina la Kiarabu kwenye bango halijibu hata moja kati ya hayo.

Ipo pia mali isiyo na mwenye kuisemea. Katika kaya zilizolipwa fidia, zimo ambazo baba amefariki na fungu la watoto liko mikononi mwa ami au babu. Wasimamizi wengi, kwa kuogopa lawama, wameziacha fedha hizo zikae tu. Nia ni njema. Lakini tuchukue 50,000,000 za mayatima zilizokaa miaka kumi. Kwa madhehebu yetu ya Shafii zaka ni wajibu katika mali ya mtoto, na asilimia 2.5 kila mwaka itazifikisha kwenye 38,800,000 hivi. Bei za vitu nazo zikipanda kwa asilimia 3 kwa mwaka, kiwango kinachokaribiana na cha nchi yetu katika miaka ya karibuni, fedha hizo zitanunua kile ambacho leo kinanunuliwa kwa 28,900,000. Na miaka si yote sawa: Desemba 2011 mfumuko wa bei ulifika asilimia 19.8. Imepokewa kutoka kwa Sayyidna Umar bin Khattab (r.a.) kwamba aliagiza mali za mayatima zifanyiwe biashara ili zaka isije ikazimaliza. Kwa hiyo fungu lisilopata hata asilimia 6 kwa mwaka linapungua, japokuwa noti hazijaguswa na mtu.

Msimamizi asizipeleke zote kwenye maharage, wala zote kwenye ng'ombe, wala duarani hata senti moja. Sehemu iwe kwenye nyumba ya kupangisha au ardhi yenye hati, sehemu kwenye mudharaba iliyoandikwa na kushuhudiwa, sehemu benki kwa matumizi ya mwaka. Kila tarehe mosi Muharram akae na ndugu wawili wa marehemu na imamu wa msikiti wao, wathamini kila kitu kwa bei ya siku hiyo, waandike kilichoingia, kilichotumika kwa ada na matibabu, zaka iliyotolewa na kilichobaki, na wote watie saini. Daftari hilo akabidhiwe mtoto pamoja na mali yake siku atakapothibiti kuwa na rushdi.